Mjusi wa Kizingitini

Rubeni alipoacha kazi ya kupasua mawe ya barabara kule Tanga na kurudi Mgwashi, mwaka ule shamba la kijiji lilipoanzishwa, wenzake waliorudi naye walileta khanga na sukari. Yeye alileta jiwe. Lilikuwa bapa, na juu yake amelala mjusi wa mifupa mitupu, miguu minne, vidole vyote, mkia mrefu. Alilijenga kuwa kizingiti cha nyumba mpya, akajisifu kwamba hakuna mwingine mwenye kama hicho. Kweli, hakuna aliyekitaka.

Mkewe Raheli alikuwa mjamzito. Mimba mbili zilikwisha kuharibika, na hii ya tatu ilimkosesha usingizi. Kila akivuka kizingiti, tumbo lilikaza. Akaanza kupitia mlango wa uani, hata siku ya kwenda kanisani. Rubeni akaudhika, akamwita mwalimu aliyesomea Lushoto. Mwalimu akaeleza kwa upole kwamba huyo ni mnyama wa majini, alikufa kabla mtu wa kwanza hajaikanyaga dunia, hamdhuru yeyote.

“Kwa hiyo ni maiti,” Raheli alisema. “Na nani alimzika?”

Mwalimu akaomba maji ya kunywa.

Hapo ndipo Raheli alipoogopa kweli. Maiti mlangoni, na mtoto yu njiani! Asubuhi moja mtoto akatulia tumboni, jua likapanda hajacheza. Raheli akamkimbilia mama mkwe, Secilia, bibi asiyependa maneno mengi. Secilia alichukua mtaimbo. Walilibandua jiwe, wakalifunga kaniki, wakalizika migombani, kama wanawake wa pale walivyozika mimba zilizoharibika: bila wanaume, bila msalaba, na baba haonyeshwi mahali.

Rubeni alirudi kutoka shamba la kijiji akakuta shimo mlangoni. Akafoka, anataka jiwe lake. Secilia alimkazia mkwewe macho asiseme. Raheli alisema.

“Tumemlaza na wanao wawili. Pale penye mgomba ulioinama.”

Mimba zote mbili ziliharibika Rubeni akiwa Tanga, na chini ya mgomba ule ndipo aliporundika matofali yaliyobaki. Alikwenda kuyaondoa, moja moja. Kisha akarudi, akaketi na mkewe kando ya shimo la mlangoni, akauliza kama mtoto amecheza.

“Bado.”

Akaweka mkono wake juu ya wa mkewe, wakangoja. Mtoto alipopiga teke, aliyelia ni Rubeni.