Ukoo wa Farasi Usiopanda

Ukoo wetu unapenda farasi kuliko unavyopenda watu. Babu alikuwa saisi wa mzungu mmoja huko Karen: alimwosha farasi, akamlisha, akampiga brashi mpaka akang'aa, kisha akashika kamba ili mzungu apande. Baba naye akawa saisi kwenye uwanja wa mbio, pale juu ya Kibera, mpaka magoti yakamkatalia. Vizazi viwili vya mabingwa wa farasi, na hakuna aliyewahi kukaa mgongoni. Kupanda ilikuwa kazi ya wenye farasi. Yetu ilikuwa kupenda.

Mimi ndiye niliyeinua jina. Niliacha shule darasa la tano, nikaanza kusukuma mkokoteni wa mbolea ya hao hao farasi, na kufikia miaka arobaini nilikuwa na duka la hardware pale Kawangware, kituo cha 56, na ploti ya vyumba vya kupangisha nyuma yake. Wenye digrii walikuwa wapangaji wangu. Kwa hiyo uwanja ulipomchoka farasi mmoja mzee, mwekundu, nilimnunua, nikamjengea banda la mabati kati ya choo na kamba za nguo. Baba alitoka kwake Makina, huko Kibera, kuja kumwona. Akamzunguka mara moja, akasema, "Kwato za mbele ni mbovu." Hiyo ndiyo ilikuwa hongera yangu.

Halafu tukapiga kura, kwa utulivu mkubwa kama tulivyosifiwa redioni, na matokeo yalipotangazwa nchi ikaonyesha utulivu wake. Barabara zikafungwa. Pikapu ya nyasi kavu kutoka Limuru haikuja tena. Farasi akamaliza nyasi, akaanza kutafuna mlango. Bucha nazo zilikuwa zimefungwa, na mpangaji mmoja, mtu wa kanisa, akaniuliza kwa heshima zote, "Landilodi, huyo anaweza kutoa kilo ngapi?"

Asubuhi moja baba akatokea getini, viatu vimejaa jivu. Kibera ilikuwa inaungua na mzee amepita katikati yake kwa miguu.

"Baba! Umepitaje huko?"

"Nimepita. Farasi amekula?"

Wajukuu wake walikuwa wamejipanga mlangoni wasalimiwe. Aliwatuma maji ya farasi.

"Tunampeleka kwa mabanda ya uwanjani," akasema. "Huko nyasi ziko."

"Na vijana wa barabarani? Si watatukata?"

"Akifa njaa mikononi mwetu, nitamwambia nini babu yako?"

Nikapendekeza, kama mwenye mali, nimpande nipite mbio. Baba aliniangalia kama nimetaka kupanda juu ya meza ya Bwana. Basi yeye akashika kamba, na mimi mwenye farasi nikafuata nyuma na ndoo.

Kabla ya kufika njia panda ya Corner tukakuta matairi yanawaka, mawe, na vijana wenye panga.

"Simameni hapo! Vitambulisho!"

Siku hizo kitambulisho kilisomwa jina tu. Jina lilisema kabila, na kabila lilisema kama utalala kwako. Nikajitokeza mbele.

"Vijana, mnajua mimi ni nani pale 56?"

"Kitambulisho kitatuambia, buda."

"Na huyo farasi," akauliza mwingine, "alipigia nani kura?"

Wakacheka. Lakini farasi alikuwa ameuona moto. Akarudi nyuma, macho yamegeuka meupe, akasimama kwa miguu miwili.

"Koti!" baba akanifokea. Koti langu la suti, la kuingilia kanisani, likafungwa kwenye macho ya farasi. Kisha mzee akamgeukia kiongozi wao, jamaa mrefu. "Wewe, njoo ushike upande wa pili. Huyu mwanangu ni mwoga. Na hiyo panga weka chini."

"Nini?"

"Farasi haongozwi na mtu mwenye chuma mkononi."

Hiyo ilikuwa sheria ya nyumba yetu. Babu alikuwa akitoa hata funguo mfukoni kabla ya kugusa kamba. Yule mrefu akawatazama wenzake.

"Ataniuma?"

"Akitaka."

Akaliweka panga kwenye lami. Wengine, bila kutumwa, wakaanza kuvuta matairi kando kwa waya. Watu waliokuwa wakipiga mayowe tangu alfajiri sasa wakawa wananong'ona: "Polepole, msee, unamshtua!"

"Shika karibu na shavu," baba akasema. "Muongeleshe."

"Nimwambie nini?"

"Chochote, bora usimdanganye."

"Niaje, mzee," kijana akamwambia farasi. "Twende tu. Sisi si watu wabaya."

"Nimesema usimdanganye."

Hakuna aliyekumbuka vitambulisho tena. Yule mrefu akatusindikiza mpaka geti la mabanda. Askari wa geti akamtambua baba, akafungua.

"Saisi aingie na farasi. Nyinyi wawili hapana."

"Mimi ndiye mwenye farasi," nikasema.

"Wenye farasi huja siku ya mbio."

Tukabaki nje ya uzio wa waya, mimi na yule mrefu, bega kwa bega. Ndani, baba alifungua koti machoni pa farasi, akamwagia nyasi tele miguuni. Farasi akainamisha kichwa. Tulisikia meno yakisaga.

"Kumbe anakulanga nyasi tu?" kijana akauliza.

"Nyasi tu."

Hakuniuliza jina, wala mimi sikumuuliza lake. Tulisimama pale tukimtazama farasi akila, mpaka baba alipotufukuza kwa sababu tulikuwa tunamsumbua.