Waraka Niliouficha Kwenye Droo

Msinicheke kabla sijamaliza, maana mkianza sasa hivi nitanyamaza, na jambo hili nimelificha miaka mingi hata wanangu hawalijui: mimi ndiye niliyemfukuza mama mkwe wangu ofisini, mchana kweupe, tena kabla hata hajawa mama mkwe wangu.

Wakati ule wa Mwingereza nilikuwa karani katika ofisi moja ya serikali pale Moshi. Wazungu na Wahindi waliingia kwa mlango wa mbele, penye benchi na kivuli, na hapo ndipo nilipokaa mimi na tai yangu. Sisi wengine (nasema sisi, ingawa siku zile nilishaanza kusema wao) tulihudumiwa nyuma, kwenye kidirisha kilichoelekea juani, nacho kilifungwa saa sita kamili, uwe umefikiwa na zamu au hujafikiwa. Jumatatu moja ukaja waraka kutoka Dar es Salaam: kuanzia sasa mstari ni mmoja, kila mtu ahudumiwe kwa zamu aliyofika, rangi isiulizwe. Bwana mkubwa akanipa niutie katika Kiswahili, niubandike mlangoni. Nikaufasiri vizuri sana, kisha nikautia kwenye droo. Nilijiambia nitaubandika kesho, lakini ukweli ni kwamba mstari ukiwa mmoja nami ningekuwa karani kama makarani wengine, na kule Kilema, kwa mama wa mchumba wangu Filomena, nilishajitapa kwamba Wazungu wananisubiri mimi, na kwamba siku akiwa na shida aje mlango wa mbele aniulizie.

Kesho ikawa keshokutwa. Kila nikisikia viatu vya bwana mkubwa nafungua droo, naifunga, nasimama, nakaa, nachonga penseli ambayo imeshachongeka. Usingizi sikupata wiki ile.

Ijumaa saa nne Mama Filomena akaja. Alikuwa mjane, na shemeji yake alishamshinda barazani akitaka kumnyang'anya kihamba, ile migomba na kahawa aliyoachiwa na mumewe, na mwisho wa kupokea rufaa ulikuwa siku ileile. Alishuka kwa miguu tangu alfajiri, karatasi zake amezifunga kwenye kitambaa, na mkononi ana jani la isale. (Kwetu Wachagga ukimpelekea mtu isale kumwomba radhi, hawezi kukataa. Alikusudia akitoka ofisini apitie Rau kwa huyo shemeji, wajaribu kupatana kabla rufaa haijasikilizwa. Ndivyo alivyo mama yule.) Akaingia mlango wa mbele, kama nilivyomwambia mwenyewe, akaketi kwenye benchi, akanitabasamia.

Hapohapo akaingia bibi mmoja wa Kizungu, mwenye shamba huko Sanya Juu. Akalitazama benchi, akanitazama mimi. Nami nikasikia mdomo wangu mwenyewe unasema:

"Wewe mama, toka. Dirisha lenu liko nyuma."

"Ni mimi, baba," akasema polepole. "Mama Filomena."

"Nimesema nyuma."

Hata shikamoo sikumpa. Akainuka, akakusanya kitambaa chake, akaenda juani, na mimi nikamhudumia bibi yule. Nilipanga nikimaliza nizunguke nyuma kimyakimya nizichukue karatasi za mama. Lakini akaja mwingine, na mwingine, na saa sita nikasikia kidirisha cha nyuma kinafungwa, watu wananung'unika.

Bwana mkubwa akatoka chumbani kwake. "Mbona bado kuna mistari miwili? Waraka uko wapi?"

"Niliubandika, bwana. Upepo umeubandua."

Basi nikadhani nimepona. Akasema, "Tuubandike tena," akafungua droo yangu kutafuta gundi.

Hakunigombeza. Alinishika bega, akanipeleka nyuma, akanisimamisha juu ya sanduku niusome mbele ya wale watu wote waliofungiwa. Nikasoma, jasho linaingia machoni. Nilipomaliza Mama Filomena akainua mkono.

"Samahani, karani. Waraka huo umefika lini?"

"Jumatatu, mama."

"Na leo?"

"Ijumaa."

Mtu mmoja akacheka. Wengine hawakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniuma. Kisha mama akaja mbele, akaninyooshea lile isale kwa mikono miwili.

"Nilikosea mlango, baba. Naomba radhi."

Mzazi wa mchumba wangu ananiomba radhi mimi, kwa kosa langu, mbele ya nusu ya Kilimanjaro. Kukataa siwezi, na kupokea ni sawa na kusema kweli amekosa. Nikalipokea, natamani ardhi inimeze.

"Haya," akasema, "sasa andika rufaa yangu."

Nikaiandika palepale juu ya sanduku, nimepiga magoti juani na tai yangu, na bwana mkubwa akaipiga muhuri mwenyewe. Kihamba kilibaki chake, niwaambie mapema msije mkanichukia zaidi.

Jumapili nikapanda Kilema na isale langu na mtungi wa mbege, pombe yetu ya ndizi. Nilifika saa nne, wa kwanza kabisa. Nikaamkia, "Shikamoo mama." "Marahaba, karani. Subiri hapo." Wakaja majirani kutoka misa, wakakaribishwa ndani mmojammoja, hata waliokuja nyuma yangu kabisa, nikasikia wanakunywa na kuzungumza, na mimi nimesimama uani, nabadilisha mguu huu na huu, jua linapanda. Filomena alipita mara mbili na ndoo bila kunitazama.

Saa sita mama akatoka, akalitazama jua, akanitazama mimi.

"Saa hizi kwenu mngekuwa mmeshafunga dirisha," akasema.

Ndipo akanyoosha mikono akalipokea jani. Nilifanya kazi ya serikali miaka mingi baada ya hapo, na kila waraka wa watu uliopita mezani kwangu ulibandikwa siku ileile. Ile droo niliing'oa.