Maziwa ya Njano ya Evarista

Sukari iliporudi madukani, hakuna aliyefurahi Ihumwa nzima kama Bibi Ruthu. Alikuwa amepanga foleni miaka na miaka kwa robo kilo. Sasa imejaa hadi vibandani, na mke wa mwanawe, Evarista, ni mjamzito. Uji wa uwele ukatiwa vijiko vitano vya sukari. Evarista, ambaye hakujua kumkatalia mama mkwe, akanywa mpaka mwisho.

Mtoto akazaliwa nyumbani, mzito, mashavu tele. Ruthu akakamua maziwa ya kwanza, yale ya njano, akayamwaga chini kama alivyofundishwa na mama yake, maana ni machafu. Mtoto akaachwa alale. Wanawake wakasema ameshiba toka tumboni. Alilala moja kwa moja, hakuamka tena.

Mimba ya pili, mwaka 1994, kliniki wakakuta sukari kwenye mkojo. Nesi Priska akamweleza polepole: sukari ya mama huvuka kwa mtoto, na kongosho la mtoto huzoea kutoa dawa nyingi ya kuitumia, na sukari inayozidi hugeuka mafuta. Kitovu kikikatwa, sukari hukoma, lakini dawa bado imo mwilini, inamaliza hata akiba ndogo aliyonayo.

"Unene ule si shibe," alisema. "Mnyonyeshe saa ile ile."

Evarista akaacha uji mtamu. Ruthu alinuna wiki nzima.

Akajifungulia zahanati. Mtoto alikuwa mnene vilevile. Priska akaitwa mbio chumba cha pili, kwa mzazi aliyekuwa akivuja damu, na Ruthu akasogea kuyakamua maziwa yamwagike.

"Mama, leo sikubali," Evarista akasema. Hakuwahi kumwambia hivyo.

Akampa mtoto titi. Hakunyonya. Vidole vyake vilikuwa vikitetemeka, midomo inageuka rangi. Evarista akajaribu kukamua, hakupata hata tone.

Ruthu alitazama vile vidole vya mtoto. Kisha akachukua kijiko cha uji, akakisuuza kwa maji ya moto ya chupa, akakamua mwenyewe. Tone mdomoni mwa mtoto, akasubiri ameze. Tone jingine. Priska aliporudi, mtoto alikuwa analia kwa hasira, na hakuna kilio kilichowahi kuwa kitamu hivyo.

Ruthu alibaki na kijiko mkononi.

"Na yule wa kwanza," akauliza, "naye alikuwa na njaa?"

Evarista alitamani kumdanganya.

"Ndiyo, mama."