Staji kwa Mama wa Ubatizo

Nyinyi mnaomaliza masomo mwaka huu, mkitafuta staji, hayo mafunzo ya kazini, tafuteni kwa mtu mnayeweza kugombana naye. Nasema hivi na hasira ninayo bado, kwa ajili ya mdogo wangu Godelive.

Ilikuwa wakati wa vita vya pili vya Kongo, Bukavu ikiwa mikononi mwa waasi. Godelive alikuwa amefaulu mitihani yote ya chuo cha maendeleo ya vijijini. Mémoire yake, tasnifu ya kumaliza chuo, ilikwisha kuandikwa, juu ya mashamba yaliyoachwa na watu waliokimbia Kalehe. Kilibaki kitu kimoja tu: staji ya miezi mitatu na cheti chake. Bila cheti hicho hakuna kutetea mémoire, hakuna diploma.

Baba yetu Alphonse, katekista wa parokia, alimpeleka kwa maman Valérie, mkuu wa shirika moja la kusaidia wakimbizi. Huyo ndiye aliyemshika Godelive siku ya ubatizo. Tulifurahi sote. Vijana wengine walikuwa wanazunguka ofisi hadi ofisi, na sisi tulifunguliwa mlango siku ya kwanza.

Kazi aliijua upesi. Barabara ya Kalehe ilipokuwa mbaya, mvua na vizuizi vya askari, alitumwa yeye. Wengine wangekataa, mtoto wa ubatizo angekataaje? Ripoti alizoandika zilitoka na jina la mkubwa. Miezi mitatu ikapita, ukaisha na mwaka. Kila alipogusia cheti alijibiwa kwa sauti tamu.

"Mutoto wangu, uko na haraka ya wapi? Ngoja projet iishe, nitakusainia."

Angesainije? Siku ya kusaini ndiyo siku ya kumpoteza mfanyakazi wa bure.

Kulikuwa na mwanastaji mwingine, Josué, kijana wa Nyangezi asiye na ndugu ofisini. Staji yake ilipokwisha alisimama mlangoni mbele ya wageni, akasema hatoki bila karatasi yake. Walimwita mkaidi, hana adabu, kisha wakamsainia siku hiyo hiyo. Akatetea, akapata diploma.

Ndipo profesa Cyprien, aliyeongoza mémoire ya Godelive, akamwita. Alimweleza kwamba yeye amepata kazi Kampala. Atakayemrithi atataka mada nyingine, yaani mwaka mwingine wa chuo, na nyumbani uwezo huo haukuwepo.

"Leta cheti mbele session ya kutetea ifunge," alimwambia. "Kisha pale siko tena na nguvu ya kukusaidia."

Godelive alirudi nyumbani. Hakuthubutu kwenda peke yake, akamwomba baba amsindikize. Baba aliweka kikombe chini.

"Kwenda kudai karatasi kwa marraine yako? Hauna haya? Ule alikubeba mbele ya padri!"

"Papa, session inafunga Ijumaa."

"Atasaini ye mwenyewe. Marraine, habamudai."

Nilimwambia baba kwamba anayemla mtoto wake wa ubatizo ni mwizi kama wezi wengine. Alinifukuza mezani. Kesho yake Godelive alipanda gari la Kalehe kama alivyotumwa. Ijumaa ikapita. Profesa akaondoka.

Baadaye shirika lilipata mfadhili mpya, na nafasi ya mkuu wa uchunguzi ikafunguliwa, yenye mshahara. Ofisi nzima ilijua ni ya nani. Maman Valérie akamchukua Josué.

"Bailleur anaomba mutu wa diplôme, mi nifanye nini?" alimwambia Godelive. "Lakini weye ndiye unajua kazi. Umuonyeshe Josué kwanza."

Alimwonyesha. Alipomaliza kumwonyesha, maman Valérie akakumbuka kusaini cheti. Kilikuwa kizuri, kimejaa sifa, na muhuri juu. Roho inaniuma mpaka leo.

Godelive alikiweka mezani. Baba alikisoma kwa sauti, akarudia tena, akapangusa macho. Kisha alitoka uani, akakamata kuku, akamfunga miguu, akavaa koti lake la misa.

"Munaona? Nilisema atasaini," alituambia. "Godelive, vaa viatu, twende tumushukuru marraine yako."

Godelive akavaa viatu.