Mkanda Mmoja, Wanawake Wawili

Mama hakuweza kukaa kiti cha nyuma cha gari bila kutapika. Alikuwa hivyo tangu Kivu Kusini, kabla ya vita kutuleta kambi ya Nakivale, Uganda, na miaka zaidi ya kumi ya ukimbizi haikumbadilisha. Kwa hiyo siku aliyokwenda mjini Mbarara kupimwa macho, alipokuta kiti cha mbele kimeshakaliwa na mwanamke mwingine, alimwomba dereva awakalishe wote wawili. Dereva, mwenyeji wa wilaya ile ya Isingiro aliyezoea kutubeba kwa gari lake dogo, alikataa. Mama akamsihi tena na tena, hadi akakubali.

Mimi sikuwamo. Nilikuwa nafundisha shule ya msingi pale kambini, na haya yote nimeyapata kwa mama mwenyewe.

Walipokaribia kizuizi cha polisi, dereva aliwaambia wafunge mkanda. Mkanda ulikuwa mmoja. Yule mwanamke wa upande wa mlango aliuvuta, ukampita kifuani, kisha ukateremka ukamzunguka mama tumboni na kufungwa karibu na gia. Askari alichungulia, akaona mkanda umefungwa, akawapungia mkono wapite. Mbele kidogo dereva alijaribu kulipita lori la ndizi kwenye kona. Gari likatokea upande wa pili. Akarudi upande wake kwa ghafla na kuligonga lori kwa nyuma.

Mama alishuka kwa miguu yake. Mwenzake alikuwa amevunjika mfupa wa bega na analia kwa uchungu, kwa hiyo watu wote walimkimbilia yeye. Mama hakuwa na hata tone la damu, na hakuna aliyemuuliza kitu. Alipanda gari lingine akarudi nyumbani, akawasha moto, akapika.

"Mukanda njo ulinishika," aliniambia. "Bila ule ningetokea ku kioo."

Tulisali, tukashukuru.

Kesho yake hakwenda shambani. Alisema amechoka tu, nami nikamwamini kwa sababu nilitaka kumwamini. Siku ya tatu tumbo lilikuwa gumu kama ubao na alikuwa anatapika maji ya kijani. Nilimfikisha hospitali Mbarara akiwa hawezi tena kuongea. Daktari alipomfunua nguo, tuliona mstari mweusi, mpana kama kiganja, umekatiza tumbo kutoka ubavu hadi ubavu.

"Nani alimfunga mkanda hapa?" aliuliza.

Alinieleza akiwa anavaa glavu. Mkanda ni wa mtu mmoja. Unatakiwa ukae chini, kwenye mifupa ya nyonga, na kipande cha pili kipite kifuani. Ukikaa juu ya tumbo laini, gari likisimama ghafla, unaubana utumbo kwenye uti wa mgongo na kuupasua. Ndivyo ilivyokuwa. Utumbo wa mama ulikuwa umechanika mahali pawili, na uchafu ulikuwa umeshasambaa.

Alikaa wodini zaidi ya mwezi. Alipasuliwa mara mbili. Katika siku hizo nilimchukia yule dereva kwa chuki ambayo sikujua ninayo, mimi ninayeongoza maombi Jumapili.

Askari wa trafiki alikuja kuchukua maelezo mama akiwa bado na mpira puani. Askari aliandika Kiingereza, mama alisema Kiswahili chetu cha Kongo, nami nilikaa katikati yao kutafsiri. Alisimulia pole pole, kisha akanishika mkono.

"Andika na hii. Mi njo nilimuomba. Alikatala, nikamulazimisha."

"Huyu mama nasema nini?" askari akauliza.

Nilitazama ule mpira. Nikajibu, "Anasema dereva aliwaweka watu wawili kwenye kiti kimoja."

Ilikuwa kweli, na kwa sababu ilikuwa kweli ilinitoka kwa urahisi. Askari akaandika, akamletea wino.

"Umemuambia byote, papa?" mama akaniuliza; ndivyo kwetu mama anavyomwita mwanawe wa kiume.

"Byote, mama."

Akaweka kidole chake kwenye karatasi.

Kesi ilisikilizwa Mbarara miezi mingi baadaye. Mahakama ilikuwa na mkalimani wake, mimi nikakaa nyuma kwenye mabenchi. Dereva hakuwa na wakili. Alisimama amevaa koti kubwa kuliko mwili wake, akasema, "Mheshimiwa, mkanda ni sheria. Mimi nalisema wafunge. Polisi naliona. Hii mkanda ndiyo nalimuumiza mama, si mimi." Kisha akamgeukia mama, kwa sauti ya mtu anayeongea na mzazi wake: "Mama, si wewe naliniomba kukaa mbele? Mimi si nalikataa?"

"Ndiyo," mama akajibu. "Nilikuomba. Ulikatala."

Mwendesha mashtaka akainua karatasi. Kwa nini neno hilo halimo katika maelezo yake?

"Nililisema," mama akajibu. Hakunitaja, wala hakugeuka. Lakini hakimu aliuliza ni nani aliyetafsiri siku ile, na miguu yangu ikasimama kabla yangu.

"Ni mimi, mheshimiwa. Nilisikia, nikaliacha."

Alinikemea mbele ya watu wote, akaniambia angeweza kunifungulia kesi. Kisha akaniamuru niketi. Nilikuwa na hakika nimeiharibu kesi ya mama.

Sikuwa nimeiharibu. Katika hukumu hakimu alisema mkanda uliumiza, lakini si mkanda uliokwenda kulipita lori kwenye kona. Alisema mkanda uliofungwa ili askari aone si mkanda uliofungwa ili mtu apone. Na kuhusu kuomba, alisema abiria anaweza kuomba lolote, ila mwenye usukani ndiye mwenye kauli ya mwisho, na akishakubali, amelibeba. Dereva alitiwa hatiani, akatozwa faini na kunyang'anywa leseni kwa muda. Neno nililolificha halikumsaidia hata kidogo. Lingekuwamo tangu mwanzo, hukumu ingekuwa ile ile.

Tulielezwa kwamba mama anaweza kufungua madai ya fidia, kesi nyingine. Alikataa.

"Mama, hakimu amesema kosa ni la dereva."

"Ile ni sheria, na ni muzuri. Lakini mi najua kile nilimuomba."

Tulirudi Nakivale. Tulipofika nyumbani alikaa kwenye mkeka akaniita.

"Ulizani unanisaidia. Kumbe ulinifanya muongo, na kidole yangu iko mule ndani."

Nilipiga magoti. Alinishika mkono akaniinua, akaniambia nilete maji ya kunywa, na hakulitaja tena jambo lile.

Aliishi miaka sita baada ya hapo. Kovu lilituna likawa henia, hakuweza tena kuinama na jembe wala kubeba ndoo. Kila jioni nikitoka shuleni nilipitia kwenye shamba lake la maharagwe, nikalima mpaka jua linazama, naye anakaa pembeni kwenye kigoda, akinionyesha mistari niliyoiruka.