Shangazi wa Jadida na Mtihani wa Mara ya Tatu

Juzi nilikuwa nasahihisha mitihani ya majaribio ya kidato cha nne, nikakuta mwanafunzi kaandika: "I live in Wete since I was born." Nikainua kalamu kumtia kosa, mkono ukanigomea. Mawazo yalikuwa yameshafika mtaani kwetu Jadida, pale Wete, barazani kwa jirani yetu, mimi niko kidato cha pili na kucha zangu zanuka karafuu.

Sikuwa na udugu naye, ila nikimwita shangazi. Aliolewa kabla hajamaliza skuli, na sasa, mama wa watoto watatu, alikuwa akijiandaa kwa mtihani wa kidato cha nne kwa kujitegemea. Alishaufanya mara mbili, na mara zote Kiingereza ndicho kilichomwangusha. Akifaulu hicho tu, angepokewa kwenye mafunzo ya ualimu wa watoto wadogo. Hakuwa na wa kumsaidia, akaniomba mimi. Hebu fikiri, ndugu yangu: mtu mzima, mbele ya watu, akiniita "mwalimu" bila mzaha.

Tukikaa baada ya sala ya alasiri tukichambua, karafuu huku, makonyo, vile vijiti vyake, kule. Ndani mkate wake wa kumimina ukiiva, moto chini na moto juu, harufu ya iliki mpaka njiani. Mimi nasoma swali, yeye anajaza pengo. "As busy as a bee" haikumpa tabu, nyuki aliwajua. Lakini tulipofika "as cool as a cucumber", baridi kama tango, wasemavyo Waingereza kwa mtu asiyebabaika, aliweka ungo chini.

"Tango? Tango la soko la Wete, saa saba mchana? Hata kulishika hulishiki!"

Tulicheka mpaka machozi. Ila hakuwa mtu wa kukariri tu. Kila jibu alilitaka na sababu yake. Hapo ndipo nilipoharibu.

Siku moja aliandika: "I live in Jadida since I was married." Nikamtia kosa, nikamwambia iwe "have lived".

"Lakini ningali naishi, mwalimu. Hiyo si ya jambo lililokwisha?"

Sikujua. Na badala ya kusema sijui, nikamwambia, "Ndiyo maana umefeli mara mbili, shangazi."

Alichukua ungo wake, akaingia ndani, akafunga mlango taratibu.

Bibi yangu alikuwa akifagia uani kwetu, akasikia yote. "Kesho utakwenda kumtaka radhi," akasema. "Leo usimwendee, utamzidishia."

Asubuhi skuli nilimfuata mwalimu wetu wa Kiingereza, nikamuuliza swali lile lile. Hakunicheka. Alichora mstari ubaoni, akaniambia kuwa kitenzi hicho hakilimalizi jambo; hulishika pale lilipoanza na kulileta mpaka leo.

Alasiri nikapiga hodi. Alitoka na unga mikononi.

"Shangazi, nisamehe. Jana miye sikuwa nalijua jibu. Nimekwenda kuuliza."

Nikauchora ule mstari kwa kidole kwenye vumbi la baraza. Akauinamia.

"Hapa nimeolewa," akasema, akigusa mwanzo wake. "Na hapa leo."

"Ndiyo."

"Basi *have lived*." Akakaa. "Siku nyengine usipojua, niambie hujui. Tutatafuta sote."

Alifaulu. Si kwa alama za kujitangaza, lakini alifaulu. Karatasi ya matokeo aliileta kwanza kwa bibi, ambaye hakujua kusoma, naye akaipokea kwa mikono miwili na kumwombea dua ndefu. Kisha shangazi akaenda mafunzoni, akapangiwa skuli ya maandalizi huko Pujini.

Leo bibi hayupo. Baraza ile imevunjwa, pamesimama ukuta na geti la chuma, na msimu wa karafuu ukifika huwaoni kina mama wamekaa njiani wakichambua. Wanafunzi wangu hujipima kwa simu. Wakikosa, simu huwaonesha jibu, wanapita. Ni wepesi kuliko tulivyokuwa sisi, sikatai. Ila bado sijamwona mmoja wao akiishika sentensi kama alivyoishika yule mama wa watoto watatu, akakataa kuiachia mpaka aielewe.