Wastani wa Darasa la Mwalimu Nisiyemjua

Makala yangu ya kwanza kwenye jarida la kompyuta ilikaa kwa amani mpaka mwalimu mmoja alipoijaribu.

Niseme kwanza mimi ni mtu wa namna gani. Kompyuta sikufundishwa na mtu. Nilijifunza katika sekretaria ya kaka yangu mkubwa hapa Likasi, Kongo, kibanda chenye mashine mbili na fotokopi moja, ambapo watu huleta barua za kuomba kazi na matangazo ya misiba tuwapigie chapa. Sina diploma ya kuonyesha, na kwa sababu hiyo nina hofu isiyoniacha: kwamba siku moja mtu atasimama na kusema, huyu hajui kitu. Ndiyo maana nahakikisha. Nikifunga mlango narudi kuuvuta. Nikimwandikia shangazi ujumbe wa kumjulia hali, nausoma na kuusoma mpaka salamu zinapoa.

Jarida lenyewe ni la mtandaoni, la Kiswahili, linatolewa Tanzania. Nililisoma muda mrefu kama mtu anayechungulia karamu ya wengine. Mhariri wake, mama mmoja ambaye hadi leo sijamwona uso, alipotangaza kwamba anatafuta makala fupi za kuwasaidia watu kazini, niliandika kuhusu walimu. Kila mwisho wa muhula walimu wa hapa huja kwetu na alama za wanafunzi, wakihesabu kwa simu, macho mekundu. Nilieleza jinsi lahajedwali inavyoweza kutoa wastani wa kila mtoto, na hata kuandika yenyewe nani amefaulu na nani amefeli.

Kabla ya kutuma nilijaribu kila hatua. Kwenye mashine zetu zote mbili, kwenye ile ya parokia, kwenye ya binamu yangu anayefanya kazi ofisini kiwandani. Kote fomula zilitii. Bado sikutuma.

"Juu ya nini hautume?" kaka aliniuliza.

"Yaya," nilimjibu, kama tunavyomwita ndugu mkubwa huku kwetu, "niko nangoja kujaribu tena ku machine ya lycée, kule sekondari."

"Aba! Mungu mwenyewe aliangalia kazi yake, akasema iko muzuri, akapumzika. Weye njo nani?"

Nikatuma. Makala ikatoka. Mama aliniomba nimchapie nakala, akaibandika sebuleni pembeni ya picha ya Bikira Maria, ingawa kompyuta hajawahi kuigusa.

Halafu, asubuhi moja nikiwa nafungua sekretaria, ukaingia ujumbe wa mhariri. "Habari za asubuhi, mwandishi wetu. Mwalimu mmoja wa Songea anasema fomula zako zimemgomea, na leo jioni anatakiwa kukabidhi alama. Nimejaribu na mimi, zimenigomea vilevile. Tuiondoe makala, au utaweza kuirekebisha kabla ya saa nane?" Chini yake kulikuwa na picha ya skrini ya mwalimu: safu nzima, mtoto baada ya mtoto, pasipo wastani hata mmoja. Kila kisanduku kilisema #NAME?

Nilikaa kwenye kiti cha wateja. Siku niliyokuwa nikiiogopa ilikuwa imefika, tena kwa adabu, na habari za asubuhi. Nilijua kwamba makala hii ikiondolewa sitaandika nyingine, ninajijua. Na bado neno la kwanza nililoandika lilikuwa, "Tafadhali iondoe."

Lakini mimi situmi kitu bila kukisoma tena. Katika kusoma tena nikarudi kuitazama ile picha, na safari hii nikaangalia sehemu ya juu, kwenye menyu. Zilikuwa za Kiingereza.

Mashine zote nilizowahi kugusa maishani mwangu zilikuwa za Kifaransa. Mimi niliamini kwamba neno MOYENNE, yaani wastani, ndani ya fomula ni la mashine yenyewe, kama alama ya kujumlisha, lilelile dunia nzima. Nilikuwa nimehakikisha mji mzima, na mji mzima ulikuwa na kosa moja nami.

Majina ya Kiingereza niliyapata kwenye simu upesi: AVERAGE mahali pa MOYENNE, IF mahali pa SI, ile "kama" ya Kifaransa. Ningeweza kuyatuma hapohapo. Nilishindwa. Kuandika tena kitu ambacho sijakiona kikifanya kazi kwa macho yangu, nilihisi mikono inakataa. Na mashine yetu haikuwa na lugha nyingine ndani, wala intaneti ya siku ile isingeweza kuipakua.

"Kuko batanzanie ku parking ya macamions, ile barabara ya Kolwezi," kaka alisema. Hakunicheka. "Bo banatumikaka na Kiingereza. Enda. Minye nitabaki na bateja."

Nilimkuta wakala wa malori, Mtanzania mwenye kofia ya sufu katika joto lile, kompyuta yake ikiwa juu ya boneti ya gari dogo. Alikuwa anangoja karatasi moja igongwe muhuri, kisha aondoke na msafara kuelekea mpakani. Nilimweleza shida yangu nikikanyagana na maneno.

"Ngoja kwanza," alisema. "Wewe ndiye unayewafundisha kompyuta walimu wetu?"

"Minye njo."

"Na Kiswahili hicho?"

"Nikiandika, naandika cha kwenu."

Alicheka mpaka akashika boneti. "Haya dada, mwalimu wa walimu. Karibu ofisini."

Vidole vyangu havikuijua kibodi ile. Kwetu herufi ya A iko mahali ambapo yao ina Q, nikaandika QVERQGE. Nilishikilia Shift kama kwetu ili kupata namba, nikapata vijialama.

"Hiyo sasa siyo Kiingereza wala Kifaransa," wakala alisema. "Polepole. Lori halijawashwa."

Nilipoandika kwa kidole kimoja, wastani ukatoka. Nikajaribu fomula ya kufaulu na kufeli, nayo ikakataa. Jina lilikuwa sahihi, mabano yalikuwa sahihi. Nilibadilisha hiki na kile, jasho likinitoka, mpaka nilipoondoa nukta-mkato, ile tunayoitumia sisi kutenganisha vipande, nikaweka mkato mtupu. "Amefaulu" likatokea. Hilo sikuliona kwenye orodha ya simu. Kama ningetuma kutoka kibandani, mwalimu angekwama mara ya pili.

Nilianza kuandika masahihisho kwenye simu: hatua za mashine ya Kifaransa upande mmoja, za Kiingereza upande wa pili. Nikayasoma. Nikarudi mwanzo. Muhuri ulikuwa umepatikana na madereva walikuwa wanapanda.

"Dada, kompyuta yangu inaondoka. Bado unahakikisha?"

"Kidogo tu, kaka."

"Umeona inafanya kazi?"

"Nimeona."

"Sasa?"

Nikatuma. Njia yote ya kurudi nilikuwa na vumbi la malori yao mdomoni mwangu.

Mhariri aliyaweka masahihisho juu kabisa ya makala, na chini yake akaacha jina langu palepale lilipokuwa. Kwangu aliandika mstari mmoja: "Ya pili naingoja." Jioni mwalimu mwenyewe aliniandikia. Alama zilikuwa tayari, ila alikuwa na swali. Kulikuwa na msichana mwenye wastani wa arobaini na tisa na nusu, na mashine, inayodai hamsini, imemwandika amefeli. Muhula mzima msichana huyo alikuwa anamuuguza mama yake. Je, kuna fomula ya hilo?

"Bofya kisanduku chake," nilimjibu, "futa fomula, uandike kwa mkono wako."

Niliituma hivyohivyo, bila kuisoma. Baadaye niliisoma, bila shaka, nikaona nimesahau kumsalimu.